Mohamed yupi? Kutenganisha waandishi wenye jina moja kwenye marejeleo

Wiki iliyopita nilikaa na mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kuhusu riwaya za Zanzibar. Ndani ya sura yake ya pili kulikuwa na (Mohamed 1976) na (Mohamed 1980), na mwenyewe alikuwa ameanza kuwajadili kama mtu mmoja. Wa 1976 ni Mohamed Suleiman Mohamed, mwenye Nyota ya Rehema. Wa 1980 ni Said Ahmed Mohamed, mwenye Utengano. Kumvika mtu kazi ya mwenzake ni dhuluma, hata kama hukukusudia, ndiyo maana naandika tulivyofanya.

Hatua ya 1: Andika majina yote, usikate

Kwetu jina la mwisho mara nyingi ni la babu, si la ukoo. Programu za marejeleo hazilijui hilo. Ukiandika "Mohamed Said" ukaishia hapo, msomaji hawezi kujua kama unamtaja mwanahistoria wa Dar es Salaam aliyeandika maisha ya Abdulwahid Sykes, au umemkata Mohamed Said Abdulla wa Makunduchi, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa. Mimi huanza na daftari la karatasi, safu moja kwa kila jina. Zotero, programu ya kutunza marejeleo, naipenda, lakini naifungua baadaye, na siiruhusu inikamilishie jina la mwandishi.

Hatua ya 2: Shika kitabu chenyewe

Soma ukurasa wa hakimiliki na jalada la nyuma.

Hatua ya 3: Hakikisha mtu mmoja hajagawanyika wawili

Hapa ndipo zilipopotea saa zetu nyingi. Baada ya kuwatenga akina Mohamed, tulibaki na mhakiki aitwaye Said A. M. Khamis, tukamwekea safu yake. Kumbe ni yuleyule Said Ahmed Mohamed! Riwaya huzitia saini kwa majina matatu, na makala nyingi za kitaaluma huongeza la nne, Khamis. Mwanafunzi alikuwa amemnukuu "mhakiki" akieleza riwaya ya Kiswahili bila kujua kwamba anayezungumza ni mwandishi wa riwaya anazozichambua. Hoja nzima inabadilika.

Kwa hiyo tafuta ishara zinazounganisha: mahali alipozaliwa, mwaka, chuo alichofundisha. Said Ahmed Mohamed alizaliwa Pemba mwaka 1947 na amefundisha Bayreuth, Ujerumani; maelezo ya mwandishi kwenye vitabu na kwenye makala yakikutana hapo, umempata. Lakini angalia. Fani peke yake haitoshi, maana akina Mohamed hawa wawili na Abdulla wote ni watunzi wa riwaya. Kwao peke yake hakutoshi, wote ni wa Visiwani. Mwaka wa kuchapishwa nao unadanganya: Abdulla alifariki 1991, na nakala iliyopigwa chapa tena baada ya hapo isikufanye umtafute Abdulla mwingine aliye hai. Tahajia ndiyo mbaya kuliko zote. Mohamed, Mohammed na Muhammad huweza kuwa mtu mmoja kwa wachapishaji watatu, na Mohamed na Mohamed wakawa watu wawili.

Kanuni yangu ni ishara mbili zisizotegemeana, na moja itoke kwa mwandishi mwenyewe, kama dibaji au maelezo yake. Ukizikosa, waache mbalimbali. Kuunganisha baadaye ni kazi ya dakika moja, ila kilichokwisha kuchanganywa utakipekua tasnifu nzima.

Hatua ya 4: Namba za utambulisho

ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti, ilianza 2012 na mtafiti hujisajili mwenyewe, kwa hiyo usimtafutie Abdulla humo. Kwa marehemu tumia ISNI, namba ya kimataifa ya kutambulisha watunzi, au VIAF. VIAF hukusanya rekodi za maktaba mbalimbali za mataifa, na kosa la maktaba moja huingia nalo, basi linganisha orodha ya vitabu na daftari lako kabla ya kuiamini.

Hatua ya 5: Andika kwenye matini

Ongeza herufi za mwanzo: (M. S. Mohamed 1976), (S. A. Mohamed 1980). Makala ya Khamis ibaki chini ya Khamis, kama ilivyochapishwa, kisha weka mstari: "Tazama pia Mohamed, Said Ahmed." Na kule kwenye Mohamed weka mstari wa kumrudisha msomaji kwa Khamis. Mwanafunzi wangu aliuweka mmoja tu, ikabidi turudi.