Mtaji wa dagaa: pangeni mgawo wa faida

Wana Tanga, ukimpa mwenzio mtaji akanunue dagaa pale Deep Sea, usimwambie "kila mwezi niletee elfu hamsini, na pesa yangu irudi kamili." Huo ni mkopo wa riba, hata mkiuita ushirika. Katika mudharaba, yaani ushirika wa Kiislamu ambapo mmoja hutoa mtaji na mwingine hufanya kazi, mnakubaliana mgawo wa faida: nusu kwa nusu, au theluthi kwako na mbili kwake.

Hapa ndipo tunapodhulumiana sana: mvua ikiwakuta dagaa wameanikwa wakaoza, bila uzembe wake, hasara ya mtaji ni yako. Yeye jasho lake limeshapotea, usimdai tena.

Al-Baqara aya ya 282 imeagiza deni liandikwe, kwa mashahidi. Mtaji nao uandikeni, hata kwenye daftari la shule, kila mmoja abaki na nakala.