Kufunga bomba la mwanga lisilotia joto wala kudondosha maji

Bomba la mwanga ni bomba la alumini linalong'aa ndani, linaloleta mwanga wa jua kutoka paani hadi chumbani. Likidondosha maji au chumba kikipata joto, lawama huangukia jua. Mara nyingi jua halina kosa. Bomba la kipenyo cha milimita 350 lina mdomo wa mita za mraba 0.096 tu, hivyo jua kali la wati 1,000 kwa mita ya mraba huingiza wati 96 kule juu, na si zote zinazofika chini. Shida ni hewa.

1. Chagua kipenyo. 250 inatosha ujia na choo, 350 chumba cha kawaida. Ya 530 ina mdomo zaidi ya mara mbili ya 350, na joto huongezeka vivyo hivyo.

2. Funga kuba, yaani kifuniko angavu cha juu ya paa, na bati lake la kuzuia mvua.

3. Unganisha vipande vya bomba kwa utepe wa alumini. Utepe wa kitambaa hukauka kwa joto la darini ukabanduka. Epuka kona: kila mwanga unapodunda kwenye ukuta wa bomba hupungua.

4. Ziba chini, si juu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mchana hewa ya moto hukaa kileleni mwa bomba, kwa kuwa ni nyepesi, wala haishuki. Usiku wa baridi mambo hugeuka: hewa ya chumbani yenye mvuke hupanda, hugusa kuba baridi, mvuke unakuwa matone, kisha hewa iliyopoa hushuka na nyingine kupanda. Mzunguko huo huendelea hadi asubuhi. Ukiziba vitundu vya kutolea unyevu kwenye kitako cha kuba ukidhani ndiyo dawa, umefungia maji ndani.

Basi ziba pete ya dari, ile inayozunguka bomba linapotokea darini. Pengo la milimita 3 kuzunguka bomba la 350 linaonekana dogo, lakini ukilijumlisha ni tundu la sentimita za mraba 33. Joto la darini, vumbi na wadudu hupita hapo hapo. Paka silikoni kati ya pete na dari, kisha kati ya pete na bomba. Hizo ni sehemu mbili tofauti, na ya pili ndiyo husahaulika. Silikoni yenye harufu ya siki usiiguse: asidi yake hula mabati na inaweza kuharibu polikaboneti (plastiki ngumu angavu). Tafuta isiyo na asidi. Povu la kujaza mapengo nalo silipendi, maana linapovimba huweza kubonyeza bomba jembamba. Kisambaza mwanga, yaani kifuniko cha chini kinachotawanya mwanga chumbani, kiwe na gasketi (mpira wa kuziba) nzima isiyokatika, na kwenye baridi kiwe cha tabaka mbili.

5. Vika bomba pamba ya kioo ya milimita 50, kuanzia dari hadi paa. Usiibane kwa waya. Ikibaki milimita 25 umepoteza karibu nusu ya kinga.

6. Pima. Usiku nje kukiwa baridi, pitisha kijiti cha udi kuzunguka pete. Moshi ukivutwa ndani ya ufa, rudi hatua ya 4. Ukitumia kipimajoto cha miale, kile kinachopima bila kugusa, usikielekeze kwenye alumini inayong'aa, kwani kitasoma joto la vitu vinavyoakisiwa. Bandika kipande cha utepe wa karatasi, subiri dakika chache, upime hapo.