Kufundisha shimo jeusi linalozunguka kwa bakuli la asali

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa fizikia, au mwanafunzi wa kidato cha tano anayejisomea. Hapa Tabora asali haikosekani. Tafuta ile nzito.

Hatua ya 1: Mimina asali kwenye bakuli pana. Toboa mpira mdogo kwa spoku ya baiskeli, uuzamishe nusu, kisha nyunyiza ufuta juu ya asali. Zungusha spoku taratibu. Usiharakishe maelezo, waache waangalie kwanza. Ufuta ulio karibu na mpira utafuata mzunguko. Ule wa pembeni utajongea kidogo tu, au usisogee kabisa.

Sasa waambie: mpira ni shimo jeusi, asali ni anga-wakati, yaani anga na wakati vikichukuliwa kama kitu kimoja. Mwaka 1918 Josef Lense na Hans Thirring walitumia nadharia ya Einstein kuonesha kwamba kitu chenye tungamo kikijizungusha huburuta anga-wakati inayokizunguka. Hata Dunia hufanya hivyo, kwa kiasi kidogo mno. Setilaiti ya Gravity Probe B, iliyorushwa 2004, ilikipima.

Hatua ya 2: Onesha mfano unapoishia. Asali huburutwa na msuguano. Anga-wakati haina msuguano. Shimo jeusi nalo halina uso wa kushikika, lina upeo wa tukio tu, mpaka ambao hata mwanga ukiuvuka haurudi.

Hatua ya 3: Chora upeo huo, kisha uzungushie umbo linalougusa kwenye ncha mbili na kutanuka kwenye ikweta. Nafasi iliyo kati ya upeo na umbo hilo ni ergosfia, inayotokana na suluhisho la Roy Kerr la 1963 kwa milinganyo ya Einstein. Humo hakuna roketi inayoweza kusimama, hata iwe na nguvu kiasi gani: lazima izunguke upande linakozunguka shimo. Kutoka, hata hivyo, bado inaweza. Sisitiza hapo, maana wengi huchanganya ergosfia na upeo wenyewe.

Hatua ya 4: Piga hesabu, tena ubaoni, kila mtu aione. Chukua shimo lenye tungamo mara 10 ya Jua. GM/c² (G ni kanuni ya mvutano, M ni tungamo la shimo, c ni kasi ya mwanga) ni kama kilometa 14.8. Kama halizunguki, obiti tulivu ya ndani kabisa iko kwenye mara 6 ya hapo, yaani kilometa 89. Likizunguka kwa kikomo chake, gesi inayolizunguka kwa upande mmoja nalo hufika hadi mara 1. Inayokwenda kinyume huishia mara 9, kilometa 133.

Gesi iliyosogea ndani zaidi hupata joto zaidi. Kwa hiyo wanaastronomia huchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye ukingo wa ndani wa gesi hiyo, wakakadiria shimo linazunguka kwa kasi gani.