Kabla ya kumtaja Rais, mtoe mtoto nje ya mlango

Waulize watoto ninaowafunza chekechea hapa Likoni, Mombasa, serikali ni nani, watakujibu kwa sauti moja: "Rais!" Ndiye wanayemwona kwenye televisheni. Lakini mtoto anayeanzia kwa Rais hukua akidhani kila shida ya mtaani inamngoja mtu mmoja aliyeko Nairobi. Mimi naanzia chini, na naomba nawe mzazi uanzie hapo.

Mshike mkono mtembee, jioni jua likishapoa. Kwa kila mnachokipita, swali ni moja: "Hii ni kazi ya nani, serikali ya kaunti au serikali kuu?" Taka zilizofurika: kaunti. Taa ya mtaani: kaunti. Zahanati alikochanjwa: kaunti, na muuguzi aliyemdunga sindano ni mfanyakazi wa kaunti. Askari polisi na chifu: serikali kuu. Feri pale kivukoni iko chini ya Mamlaka ya Bandari, hiyo nayo ni ya serikali kuu.

Mkifika shuleni simameni, maana hapo pana utamu wake. Chekechea ni ya kaunti, lakini mtoto akiingia gredi ya kwanza amehamia mikononi mwa serikali kuu, hata kama madarasa yote yamo ndani ya ua mmoja. Mimi huchora mstari wa chaki sakafuni: huku kaunti, kule serikali kuu. Nataja kitu, wanaruka. "Polisi!" "Taka!" "Gredi ya kwanza!" Anayekosea hatoki mchezoni, wenzake humweleza, kisha tunaendelea.

Tarakimu zisiwe nyingi. Kenya ina kaunti 47, Mombasa ni namba 001, na ina wadi 30. Jina la wadi yake alijue kwa moyo.

Pesa ndizo zinazofungua macho. Chukua risiti ya dukani yenye ushuru wa asilimia 16. Tuseme kitu kimeuzwa shilingi 116: weka noti ya mia upande huu wa meza, na upande wa pili sarafu ya kumi, ya tano na ya moja. Mwambie: mia ni ya mwenye duka, hizi kumi na sita zinakwenda serikalini. Mwache azishike. Kisha muulize muuguzi analipwa na nani. Nimeona mtoto akitazama zile sarafu, halafu akamtazama mamake, akasema, "Ni sisi!" Ndivyo ilivyo. Kifungu cha kwanza cha Katiba ya 2010 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, na mtoto wa miaka mitano anaweza kulielewa hilo akiwa na sarafu mkononi.

Kura nayo ipigeni kweli. Chagueni kitafunio cha Ijumaa: mahamri au viazi karai. Chora vyote viwili kwenye vikaratasi, tundika leso pembeni ili kila mmoja atie alama yake kwa siri, na tumia kopo la plastiki linaloonyesha ndani, kama masanduku ya kura yalivyo. Hesabuni kwa sauti, karatasi moja moja, kila mtu akiona. Walioshindwa watakula kilichoshinda, lakini wiki ijayo watapiga kura tena. Kiranja pia abadilishwe, hata akipendwa vipi. Gavana huchaguliwa kwa miaka mitano na hawezi kupita vipindi viwili.

Mihimili mitatu ya dola mimi huifunza kwa mchezo wa kibe, ule wa kujificha na kutafutana. Kundi moja litunge sheria, mmoja asimamie mchezo, mwingine aamue ugomvi. Mara moja tu mwache msimamizi aamue kesi yake mwenyewe, usikie kelele zake! Hapo ndipo ueleze Bunge, serikali na mahakama, na kwa nini kazi hizo hazipewi mtu mmoja.

Jambo moja nakusihi: usimtishe mtoto kwa kumwambia "nitakuitia polisi." Atajifunza kuiogopa serikali kabla hajajifunza kuiuliza. Na mambo ya vyama na wagombea waachie watu wazima.

Akishaelewa, mwache aitumie elimu yake. Achore kile kinachomkera, iwe taa iliyozimika au mtaro ulioziba. Wewe andika chini yake jina la wadi, tarehe, na mahali penyewe hasa: karibu na msikiti gani, mkabala na duka gani. Nendeni pamoja ofisi ya mwakilishi wadi, mtoto akabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Beba nakala, omba igongwe mhuri wa kupokelewa. Baada ya wiki mbili rudini na ile nakala, na mwache yeye ndiye aulize imefikia wapi.