Kabla ya Kupima Troponini, Uliza Saa

Mgonjwa wa kifua akifika, kabla hujamtoboa kuchukua damu ya troponini (protini inayoonyesha jeraha la moyo), muulize yeye au aliyemleta: maumivu yameanza saa ngapi, na ni mchana au usiku? Jibu liandike kwenye fomu kwa mtindo wa saa 24.

Niko maabara, na hili nimelishika tangu zamu moja ya usiku. Mzee aliletwa amejishika kifua. Mkewe akasema kilianza kubana saa mbili. Fomu ikaandikwa "2:00". Damu ilichukuliwa saa tatu na nusu usiku, troponini ikasoma 18, na kikomo cha kawaida kwa mashine yetu ni nanogramu 40 kwa lita. Daktari aliielewa 2:00 kuwa saa nane mchana. Akahesabu masaa saba na nusu yamepita na damu ni safi, akaanza kuandika ruhusa. Nilimpigia simu kuuliza, mama akaitwa: saa mbili usiku. Lilikuwa limepita saa moja na nusu tu! Saa sita na nusu tukachukua damu tena. Ilisoma 640.

Troponini ni protini ya msuli wa moyo. Msuli ukifa kwa kukosa damu, protini hiyo huvuja polepole. Vipimo vya kawaida huanza kuiona baada ya masaa 3 hadi 6, na inaweza kubaki juu wiki nzima au zaidi. Kwa hiyo jibu la mapema likiwa chini, usimruhusu mgonjwa. Chukua sampuli ya pili masaa 3 hadi 6 baadaye; kwa mashine zenye unyeti mkubwa, saa 1 hadi 3 hutosha. Kisha linganisha. Namba inayopanda au kushuka inaonyesha jeraha jipya. Iliyo juu lakini imetulia huonekana sana kwa wagonjwa wa figo.

Kipimo cha umeme wa moyo kifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kikionyesha mshipa umeziba, matibabu yaanze. Tafadhali msisubiri karatasi yetu.

Mgonjwa akihamishwa, ambatanisha saa ya kila sampuli, aina ya troponini (I au T, maana namba zake hazilinganishwi) na kizio. Nanogramu 0.04 kwa mililita ndiyo nanogramu 40 kwa lita. Anayepokea usiku wa manane asipoona kizio, atadhani imepanda mara elfu.