Majira ya joto London: panga siku yako ya kutoka

Majira ya joto yakiingia, shifti za ziada zinakuwa nyingi kwa sababu watu wako likizo, na wengi wetu tunazidaka zote. Naelewa. Kuna ada za shule, kuna nyumba inajengwa, kuna mgonjwa anasubiri dawa. Lakini ukibeba maboksi Juni, Julai na Agosti nzima, utashtukia ni Novemba, na saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia. Tenga walau siku moja kwa wiki na uilinde kama unavyolinda shifti yenyewe.

Mwishoni mwa Juni jua la London huzama kama saa tatu na dakika ishirini usiku. Anayetoka kazini saa kumi na moja bado ana saa nne za mwanga. Kwa Waislamu, Magharibi iko mbali, hivyo mnaweza kuswali Alasiri bustanini na kurudi bila papara. Na miili yetu inalihitaji hilo jua: ngozi nyeusi huchukua muda mrefu zaidi kutengeneza vitamini D, ndiyo maana NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, inawashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kutumia vidonge vyake mwaka mzima.

Kwa familia, mimi ningeanzia Richmond Park. Kuingia ni bure, na ndani wamo kulungu zaidi ya mia sita wanaotembea huru. Kaeni mita 50 mbali nao, hasa kuanzia Mei hadi Julai, maana mama huficha kitoto kwenye majani marefu na anaweza kumvamia anayekisogelea. Ukikiona kimelala peke yake, usikiguse. Mama hayuko mbali.

Nyama choma ndiyo inayotuponza. Bustani zote za kifalme, yaani Hyde Park, Greenwich, Richmond na nyinginezo, zimepiga marufuku kuchoma. Pika nyumbani usiku: chapati kwenye hotipoti, mishikaki imeshaiva, chai kwenye chupa, mkeka, mfuko wa taka. Hakuna wa kuwasumbua, na hakuna anayebaki na moto wakati wenzake wanacheza.

Agosti nenda ukachume blakiberi, yale matunda madogo meusi ya porini. Ziko kwenye vichaka kando ya njia za miguu na mifereji, na kuchuma za porini kwa ajili ya kula mwenyewe si kosa. Zile nyekundu ziache. Subiri iwe nyeusi tii, uishike kwa vidole viwili: iliyoiva inaachia yenyewe, ukilazimika kuivuta bado ni chungu. Chuma zilizo juu ya kiuno, kwa kuwa mbwa hupita huko chini. Vaa mikono mirefu, miiba yake haina huruma, na juisi yake hung'ang'ania nguo kama zambarau.

Bahari ni jambo la kuangalia sana. Miji ya pwani ya Brighton na Margate inafikika kwa treni, na tiketi iliyokatwa mapema mara nyingi huwa nafuu. Ila aliyezoea maji ya Mombasa au Unguja asidanganywe na jua: maji ya huku ni baridi hata Julai, na baridi hiyo inaweza kukukata pumzi ghafla. Ogelea kati ya bendera za nyekundu na njano, ambako waokoaji wanatazama. Ukizidiwa, lala chali uelee mpaka pumzi irudi, ndipo uite msaada.

Mvua ikiharibu mpango, makumbusho ya Natural History na British Museum hayana kiingilio. Kwa usafiri, basi lina faida yake: ukigusisha kadi ile ile kila unapopanda, unaweza kubadilisha mabasi ndani ya saa nzima tangu mguso wa kwanza kwa nauli ile ile, na watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi.

Mkialikana kwenye grupu la WhatsApp, msiandike tu "tukutane Richmond Park Jumamosi". Bustani ile ina mageti mengi na kutoka moja hadi jingine ni mwendo mrefu, tena ukiwa na watoto na mahotipoti. Andikeni jina la geti, saa, na nani analeta nini.