Turubai la kambi la kushona mwenyewe: mambo ya kuwaza kabla hujashika mkasi

Watu wakisikia kushona turubai wanawaza cherehani kwanza, mi nakwambia cherehani ni jambo la mwisho. Kushona kwenyewe ni jioni mbili, kinachokula siku ni kuamua, na ukiamua vibaya hakuna fundi wa kukuokoa maana kila sindano inapopita inaacha tundu na kila tundu ni njia ya maji.

Anza na unaenda kulala wapi. Ufukweni Msimbati kule Mtwara na kule juu Rondo, milimani Lindi, ni vitu viwili tofauti kabisa, Rondo kuna miti ya kufungia kamba popote ila Msimbati kuna mchanga, upepo na minazi, na chini ya mnazi hulali, nazi haina adabu. Kwa hiyo kama ni pwani turubai liwe na sehemu nyingi za kufungia ili uweze kulishusha chini upande upepo unakotoka, kipindi cha kusi unatoka kusini, kaskazi ikiingia umegeuka, sasa ukiwa na vitanzi vinne tu vya kwenye kona utateseka. Mi naweka kumi na mbili, kona nne na viwili kila upande.

Saizi usikisie. Chukua doti mbili za kanga, bana zile kanga nne kwa pini ziwe shuka moja, funga uwanjani kwenye mwembe na nguzo, ingia chini na godoro na begi lako ujinyooshe. Inakuja kama mita 3 kwa 2 na kidogo, utajua hapohapo kama inatosha au miguu itanyeshewa. (Omba kanga kwanza, mama yangu aliona zake zinapepea nje akadhani nafungua genge.) Kwa watu wawili mi naona mita 3 kwa 3 ndo sawa, na kwa kuwa vitambaa vingi vina upana wa mita moja na nusu unanunua kama mita 6 na nusu, unakata katikati, unaunga vipande viwili. Mshono na pindo vitakula kidogo upande wa upana, utabaki na kama mita 2.9.

Kitambaa ndo penyewe. Nenda nacho taratibu dukani, weka mdomo upulize kwa nguvu, pumzi ikipita maji nayo yatapita, usibishane na muuzaji. Polista inafaa kuliko nailoni kwa kambi ya mvua kwa sababu nailoni ikilowa inalegea, unaamka saa nane usiku turubai limeshuka limebeba maji kama karai, japo nailoni ina nguvu nzuri tu ukikubali kukaza kamba mara kwa mara. Halafu angalia utando, kama ni wa plastiki upande mmoja au ni silikoni, ule unaoteleza kama umepakwa mafuta. Hili watu wanalipuuza ila ndilo linaloamua utaziba mishono na nini: kwenye utando wa silikoni inashika dawa ya kuziba ya silikoni tu, na hiyohiyo ukipaka kwenye utando wa ile plastiki inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Jaribu kwenye kipande kidogo, acha kikauke, kwangua na kucha.

Uzi ni wa polista, ule wa pamba unaoza mapema. Sindano mpya, namba 14 inatosha, butu itatoboa matobo makubwa. Na hatua ya mshono usiibane sana, milimita 3 hivi, ukishona vidogovidogo unakuwa umetoboa mstari wa kuchania kama stempu. Usibane kwa pini hapa, tumia vibanio vya nguo. Mshono wa katikati ule wa kukunja mara mbili kama wa jinzi, na kabla ya yote shona kwenye mabaki mpaka cherehani ikubali maana kitambaa cha kuteleza kinakimbia, kipande cha juu kinafika mwisho kabla ya cha chini. Mnaoshona kwa fundi wa mtaani, nendeni na kipande cha mfano mshone wote.

Vitanzi: begi la shule lililokufa lina mkanda mzuri kuliko unaouzwa. Chini ya kila kitanzi weka kiraka cha kitambaa hichohicho, shona mraba na msalaba ndani. Ringi za chuma mi sizipendi, zinang'oka na chumvi ya bahari inazila.

Tarehe nayo ni kitu cha kupanga. Huku kwetu Lindi na Mtwara mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, sasa maliza Oktoba wakati jua lipo, kwa sababu dawa ya kuziba mishono inataka kukauka vizuri. La kwanza nililiziba siku mbili kabla ya safari nikalikunja bado linanata, nilipolifungua limejishika lenyewe kwa lenyewe, kulibandua nikabandua na utando. Na turubai ni la mvua tu, ukisikia mamlaka ya hali ya hewa wametaja kimbunga baki nyumbani, Hidaya ya Mei 2024 ilikata barabara ya Lindi na Kilwa, kitambaa chembamba hivi hakiwezi kitu pale.

Kwa mchangani vigingi havishiki, beba viroba vitupu ujaze mchanga na kuvifukia, kamba ukaifunge katikati ya kiroba. Ila usichukue mfuko uliokuwa na salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, hata kama umeukung'uta, utalala unalia macho.

Siku moja kabla, lifunge uwanjani, mwagia ndoo tatu za maji, ingia chini ukapapase mshono kwa mkono. Vipande vilivyobaki weka kwenye begi na sindano na uzi, cheche ya moto haiulizi turubai limeshonwa lini.